Thamani ya Kuwapo

Juni mosi mwaka 2020, wakati harusi, makongamano na safari vimefutwa kwa sababu ya Korona na wapiga picha wengi wako nyumbani bila kazi, Shutterstock, mojawapo ya maghala makubwa ya picha mtandaoni, ilibadili namna inavyowalipa wanaoiletea picha. Hadi siku hiyo, mteja mwenye kifurushi cha mwezi alipopakua picha, mwenye picha alipata kiasi kinachojulikana: robo dola kwa mgeni, senti 38 kwa mkongwe. Kuanzia hapo malipo yakawa asilimia, kati ya 15 na 40, kufuatana na wingi wa picha za mtu zilizopakuliwa ndani ya mwaka. Kiwango cha chini kikawekwa senti 10 za dola. Na kila Januari mosi watu wote hurudishwa ngazi ya kwanza, hata yule aliyefunga mwaka akiwa kileleni. Chukua basi mpiga picha wa Mwanza aliyeamka saa kumi alfajiri kuwawahi wavuvi wa dagaa wakirejea mwaloni na taa zao, akachagua picha moja kati ya mia mbili, akaisafisha, akaiandikia maneno ya utafutaji kwa Kiingereza, akaipakia kwa bando la pesa yake. Kwa malipo ya senti 10, picha hiyo lazima ipakuliwe mara 1,000 ili imletee dola 100.

Hesabu hiyo haisikiki sana katika video na semina zinazowahimiza vijana kutafuta riziki kwa kamera. Wanachoambiwa ni kufungua akaunti, kupakia picha, kulala, na kuamka wakikuta dola. Nadhani ushauri huo unawapoteza, na unawapoteza watu wenye uwezo wa kweli. Masoko ya mtandaoni yana manufaa kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki, ila manufaa hayo hayamo katika picha iliyokwisha kupigwa, ambayo bei yake imeshuka na haina dalili ya kupanda. Yamo katika jambo ambalo mteja wa Toronto au wa Berlin hawezi kulipata kwa kubonyeza kitufe: mtu aliyepo Pangani leo, anayejua lugha ya pale, anayejua ruhusa inaombwa kwa nani, na anayeweza kueleza kwa uhakika kila aliyemo katika picha ni nani. Huko kuwapo ndiko kwa kuuza, na soko la mtandaoni litumike kama kibaraza cha kuonekana tu.

Bei haikushuka kwa bahati mbaya. iStockphoto ilipoanza mwaka 2000 huko Calgary, Kanada, ilikuwa mahali pa wabunifu kubadilishana picha. Miaka sita baadaye Getty Images iliinunua kwa dola milioni 50. Shutterstock ilianzishwa New York mwaka 2003 na Jon Oringer, akiwa na makumi ya maelfu ya picha alizozipiga mwenyewe. Mwishoni mwa 2014 Adobe ilitangaza kuinunua Fotolia kwa dola milioni 800, na kutokana nayo ikazaliwa Adobe Stock. Fedha hizo zilikuwapo kwa sababu mwenye ghala huchuma kutoka kila picha ya kila mtu, mamilioni kwa mamilioni, hata kama kila moja inauzwa kwa bei ya pipi. Mpiga picha anazo zake tu. Kadiri ghala linavyojaa, mwenye ghala huneemeka na mpiga picha hufichika zaidi. Machweo ya Nungwi yamekwisha kupigwa na kila mtalii mwenye simu, na twiga chini ya mgunga vilevile.

Kisha ikaja akili bandia. Machi 2023 Adobe ilitoa Firefly, mtambo wa kuunda picha kwa maneno, uliofunzwa hasa kwa picha zilizomo katika ghala lake. Julai mwaka huohuo Shutterstock ilitangaza mkataba wa miaka sita na OpenAI wa kuipatia picha za mafunzo. Waliochangia picha hizo walitengewa mgawo, lakini matokeo ni kwamba mteja anayetaka "mwanamke Mwafrika anatabasamu ofisini" sasa anaweza kuundiwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Hata maghala yenyewe hayana uhakika wa kesho. EyeEm, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2011 na kupendwa sana na wapiga picha wa simu, ilifilisika mwaka 2023 huku baadhi ya wapiga picha wakiwa bado wanadai malipo yao. Ikanunuliwa na Freepik, na mwaka uliofuata masharti yake yakabadilishwa ili picha za watu zitumike kuifunza mitambo.

Liko pia suala la kodi, ambalo wengi hukutana nalo siku ya malipo ya kwanza. Ghala la Marekani humtaka mgeni ajaze fomu W-8BEN, na katika mrabaha unaotokana na wanunuzi walioko Marekani hukatwa asilimia 30, isipokuwa nchi ya mpiga picha iwe na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Barani Afrika nchi zenye mkataba huo ni chache: Misri, Moroko, Tunisia, Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Lakini makato hayo ni ya mrabaha. Malipo ya kazi ya mikono iliyofanyikia Arusha hayahesabiwi kuwa mapato yaliyopatikana Marekani, hata kama mlipaji yuko Chicago. Atakayedai kodi yake ni mamlaka ya nyumbani. Yaani sheria ya kodi ya Marekani yenyewe humkata zaidi anayeuza faili kuliko anayeuza siku yake ya kazi. Ukiongeza usumbufu wa kupokea fedha, maana Watanzania wamelalamika kwa miaka mingi kwamba akaunti ya PayPal inawaruhusu kulipa na haiwaruhusu kupokea, wakati Wakenya wameweza tangu 2018 kuhamishia salio lao M-Pesa, utaelewa kwa nini kukusanya senti kumi kumi ni kazi ya kuchosha kuliko inavyoonekana kwenye tangazo.

Upande wa pili yapo masoko ya vibarua: Upwork, iliyopata jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kuungana, na Fiverr, iliyozaliwa mwaka 2010 ambapo kila huduma iliuzwa dola tano. Haya huuza kazi ya mtu, hivyo yanakaribia zaidi ninachokitetea, ila nayo yana mtego wake. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo, kwa hiyo kazi ya dola tano humwachia mpiga picha dola nne. Upwork humtoza hata anayeomba kazi, kwa vocha zinazoitwa Connects zinazouzwa senti 15 kila moja, na ombi moja laweza kula vocha kadhaa bila hata kufunguliwa na mteja. Tena ukichunguza kazi zinazotangazwa chini ya jina la upigaji picha, nyingi ni kusafisha picha, kufuta mandhari ya nyuma, kung'arisha ngozi za maharusi, kazi ambayo inafanyika popote penye kompyuta na umeme na kwa hiyo inashindaniwa na dunia nzima. Picha za bidhaa nazo humtaka mteja asafirishe bidhaa zenyewe. Mfanyabiashara wa Texas hatatuma kasha la viatu Dar es Salaam, likakwame forodhani, ili akapigiwe picha za dola 30. Kazi ya kusafisha picha ni halali na inalisha watu, sitaki kuidharau. Ninasema tu kwamba anayeitegemea ameingia uwanja ambao kuwapo kwake Afrika Mashariki hakumsaidii chochote.

Sasa tazama kazi ambayo kuwapo kunaisaidia. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na wengi wao hufika mara moja au mbili maishani: fungate, siku ya kuzaliwa, familia iliyokutana baada ya miaka. Airbnb ilipoanza kuuza shughuli za wenyeji mwaka 2016, pamoja na malazi, upigaji picha ulipata nafasi humo, kwa kuwa mgeni anayetembezwa Mji Mkongwe na mwenyeji mwenye kamera hupata mwongozo na picha kwa malipo mamoja. Hoteli na nyumba za wageni za Paje, Diani na Watamu zinaishi kwa picha zilizomo Booking.com, na chumba kilichopigwa vibaya hukaa kitupu. Nairobi, mtaa wa Gigiri, ndiko yaliko makao makuu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya makazi, na yamezungukwa na mashirika mengine mengi yanayohitaji picha za miradi yao kutoka Turkana hadi Kwale. Mipaka ilipofungwa mwaka 2020, wahariri wa Ulaya na Marekani waliozoea kumpandisha ndege mtu wao walilazimika kumtafuta aliyeko hapahapa, na baadhi walimpata kupitia orodha zilizokwisha kuandaliwa: Women Photograph, iliyoanzishwa 2017, na orodha ya wapiga picha za habari wa Afrika iliyoundwa na World Press Photo pamoja na Everyday Africa. Hayo nayo ni masoko ya mtandaoni, ingawa hayakati kamisheni wala hayapangi watu kwa nyota.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, akapiga picha za masultani na za watu wa kawaida waliokuja na nguo zao za sikukuu. Kama zilivyofanya studio nyingi za pwani na bara, mteja alipewa picha, na negativu ikabaki studio. Aliyetaka nakala alirudi. Leo wageni huingia katika duka hilo kununua picha za Zanzibar ya zamani, kutoka negativu hizohizo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amesimama pale siku ile, na kwa sababu aliyesimama hakutoa negativu zake. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix hapo mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi, aliuzia dunia nzima habari za eneo hili kwa sababu alikuwapo. Picha zake za sinema za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984 ndizo zilizoitikisa dunia. Alikufa Novemba 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Ngazija, na jalada lake likabaki kwao, linatunzwa na wakfu wenye jina lake. Wote wawili waliuza kuwapo kwao na wakabaki na negativu.

Hilo la kubaki na negativu ndilo linalovunjwa na mikataba ya mtandaoni, na hapa mpiga picha anapaswa kusoma maandishi madogo kwa makini kuliko anavyosoma maelezo ya lenzi mpya. Katika Fiverr, mnunuzi akishalipa huchukua hakimiliki yote, isipokuwa muuzaji awe ameandika wazi kwenye tangazo lake kwamba anauza kwa masharti mengine. Masharti ya kawaida ya Upwork nayo huhamisha hakimiliki kwa mteja mara malipo yanapokamilika, ikiwa wahusika hawakuandikiana vingine. Na si mitandao peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama kuna makubaliano yanayozuia. Kwa lugha ya mtaani: ukinyamaza, umetoa negativu. Sentensi moja katika barua ya makubaliano, inayosema kwamba shirika linapewa leseni ya kutumia picha kwa miaka mitatu kwenye ripoti na tovuti yake, huku hakimiliki ikibaki kwa mpiga picha, haigharimu kitu kuiandika. Bila sentensi hiyo, picha ya kisima cha Makueni inaweza kuuzwa kwenye kalenda ya kampuni ya mabomba na aliyeipiga asipate hata taarifa.

Kuwapo peke yake hakutoshi, maana hata mtalii yupo. Anacholipia mhariri ni kuwapo kunakothibitishika, na kithibitisho chake ni karatasi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Tanzania ina sheria yake ya kulinda taarifa binafsi, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei mosi 2023. Shirika au hoteli inayosoma habari hizo haitaki tena picha nzuri isiyo na wenyewe. Inataka picha yenye fomu ya ridhaa iliyosainiwa, iliyosomwa kwa lugha ambayo aliyepigwa anaielewa, na maelezo yenye jina, mahali, tarehe na kilichokuwa kikitendeka. Mtambo wa akili bandia hauwezi kuileta fomu hiyo. Mpiga picha aliyeruka kutoka London kwa siku tatu anaweza kuipata kwa shida, kupitia mkalimani. Anayeongea Kigiriama na mama wa Ganze huipata akiwa ameketi naye kwenye mkeka, na mama yule akijua vizuri anachokubali au anachokataa. Hapo naona pia haki inatendeka, mbali na biashara: bara hili limepigwa picha kwa zaidi ya karne moja na watu wasiouliza majina.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba ghala halidai kitu: picha tayari zipo kwenye diski, kwa nini zisiingize hata kidogo? Ziingie, sina ugomvi. Ila wakati wa kuziandaa, kuandika maneno ya utafutaji na kusubiri zikaguliwe una bei yake, na Adobe Stock haitoi malipo hadi salio lifike dola 25. Mwenye picha 5,000 za aina isiyopatikana kirahisi, tuseme karakana za Gikomba au mavuno ya karafuu Pemba zenye maelezo kamili, anaweza kunufaika. Mwenye picha 200 za maua na machweo anapoteza jioni zake. Apendaye kujaribu ajaribu kwa yale ambayo hayajajaa ghalani, na asiyafanye kuwa nguzo ya nyumba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: anayeanza hana jina, hana nyota, na mteja hatamwamini hadi aone kazi, kwa hiyo ni lazima auze rahisi. Naikubali nusu. Bei ndogo ya kuingilia ni jambo la kawaida katika kila ufundi, na fundi seremala naye huanza kwa kutengeneza vigoda. Tatizo ni pale bei ndogo inapoambatana na kutoa haki zote na kufanya kazi ileile ambayo mtu yeyote duniani angeifanya, maana hapo nyota zinaongezeka na nafasi ya kupandisha bei haiongezeki. Mwenye kuanza na apunguze bei ya siku yake, asipunguze leseni. Na wateja wa kwanza wapo karibu kuliko Upwork. Muuza vitenge wa Kariakoo anayefanya biashara kwa Instagram na WhatsApp, mwenye nyumba anayeipangisha kupitia tovuti ya matangazo ya Jiji, mkahawa mpya wa Mombasa unaotaka picha za menyu: hawa wote wako katika masoko ya mtandaoni pia, wanalipa kwa simu siku hiyohiyo, na kazi waliyolipia ndiyo itakayoonyeshwa kwa mteja wa mbali.

Hoja ya tatu inahusu usalama. Jukwaa hushikilia fedha za mteja kabla kazi haijaanza, na nje ya jukwaa matapeli ni wengi. Ni kweli, na utapeli mmoja unawalenga wapiga picha hasa: "mteja" anaagiza picha za sherehe, anatuma hundi au malipo makubwa kuliko bei, kisha anaomba ziada ipelekwe kwa mpambaji au mwenye ukumbi. Hundi inakuja kukataliwa benki na ziada imekwenda. Kwa ajili hiyo sishauri mtu akimbie majukwaa, wala amchukue mteja wa Upwork na kumlipisha pembeni. Masharti ya Upwork yanakataza jambo hilo kwa miezi 24 tangu walipokutana, isipokuwa ilipwe ada ya kuvunja sharti hilo, na mtu aliyefungiwa akaunti amepoteza nyota zake zote. Mpiga picha amheshimu aliyemtambulisha, alipe kamisheni ya mteja huyo, na ahesabu kamisheni hiyo ndani ya bei tangu mwanzo. Wakati huohuo ajenge milango mingine: jalada lake mwenyewe mtandaoni, orodha za wapiga picha wa Afrika, mameneja wa hoteli, maofisa mawasiliano wa mashirika. Nje ya jukwaa, malipo ya awali ya nusu ya bei kabla ya kupanda basi ni ulinzi ambao wapiga picha wa harusi wa Dar wameutumia muda wote bila kuhitaji programu yoyote.

Tofauti yote hii huanzia katika mistari michache ya utambulisho ambayo mteja huisoma kwa sekunde chache kabla ya kupita. Mmoja ameandika kwamba ni mpiga picha mbunifu wa Afrika, anapiga harusi, bidhaa, wanyama, mandhari na matukio, kwa bei nafuu. Mwingine ameandika kwamba yuko Tanga mjini, anafika Pangani, Muheza na Lushoto ndani ya siku moja, anazungumza Kiswahili, Kidigo na Kisambaa, anakabidhi picha zikiwa na majina, maelezo na fomu za ridhaa zilizosainiwa, anauza leseni ya miaka mitatu, na bei yake ya siku ni hii, usafiri mbali. Mhariri anayehitaji picha za wakulima wa mkonge wiki ijayo atamwandikia huyo wa pili jioni hiyohiyo.